Sufuria ya Bei Rahisi na Ushuru wa Forodha

Katika mambo ya biashara yanayowahusu watu wote, mkulima na karani, muuzaji na mnunuzi, ni machache yaliyo karibu na jiko kama bei ya sufuria. Walakini ni wachache wanaofahamu kwamba sufuria, sahani na karai ni vitu vinavyobishaniwa na mataifa, na kwamba sheria nyingi zimeandikwa kwa ajili yake. Changamwe, ng'ambo ya Makupa, ni mahali pafaapo kulifikiri jambo hili. Kontena zinazoteremshwa Kilindini huletwa huko kuwekwa katika mabohari, na viwanda vya nchi vimejengwa huko huko. Mgeni na mwenyeji wanatazamana.

Yafaa kwanza kueleza neno lenyewe. Wafanya biashara husema kwamba bidhaa "zimemwagwa" katika nchi fulani. Maana yake si kuuza rahisi tu. Tuseme kiwanda cha nchi ya ng'ambo huuza sufuria moja kwa watu wa kwao kwa shilingi 500, na sufuria ile ile huiuza kwa wanunuzi wa Mombasa kwa shilingi 400, bei zote mbili zikihesabiwa mlangoni pa kiwanda, kabla ya nauli. Hapo pana tofauti ya shilingi 100, yaani 25 kwa mia ya bei ya kuuzia nje. Tofauti hiyo ndiyo umwagaji. Lakini ikiwa mtu wa ng'ambo huuza kwa shilingi 400 kwake na kwa wageni pia, basi hakumwaga kitu. Ana mashine bora, au malighafi karibu, au wafanya kazi hodari. Urahisi peke yake si kosa.

Mwenye kiwanda huweza kumwaga bidhaa kwa sababu nyingi. Pengine ametengeneza kuliko mahitaji, naye hataki kuzima mashine. Pengine ataka kuwaangusha washindani wa nchi ngeni, kisha apandishe bei watakapokwisha kufunga milango. Mnunuzi hufurahi mwaka wa kwanza, na huenda akajuta mwaka wa tatu.

Sasa na ifikiriwe nyumba moja ya Chaani, ambayo si ngumu kuiona mawazoni. Mama wa nyumba huuza vyombo sokoni; mwanawe ni kibarua katika kiwanda cha sufuria. Jioni huzungumza. Mama asema, "Mwanangu, mteja wangu ana shilingi mia nne mkononi. Nikimwambia mia tano, ataondoka." Kijana ajibu, "Ni kweli, mama. Lakini sufuria hizo za mia nne zikiendelea, mimi sitakuwa na mshahara wa kukusaidia kodi." Hakuna mwongo kati ya hao wawili. Faida ya mmoja ni hasara ya mwingine, nao hula sahani moja. Watu wa Changamwe wanajua maana ya kiwanda kusimama. Kiwanda cha kusafishia mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963 kiliacha kusafisha mwaka 2013. Sababu zake zilikuwa nyingine kabisa, lakini kiwanda cho chote kinaposimama, kwa sababu yo yote, mwenye hoteli ya chai na mwenye vyumba vya kupangisha huona dalili kabla ya kusoma gazeti.

Jambo hili si jipya katika pwani hii. Mwaka 1885 mataifa yaliyokutana Berlin yaliandika mkataba uliofanya bonde la Kongo, pamoja na nchi zilizo mashariki yake hadi Bahari ya Hindi, kuwa eneo la biashara huru. Tarehe 10 Septemba 1919, huko Saint-Germain, Ufaransa, mkataba huo ulirekebishwa: serikali ziliachiwa kutoza ushuru kwa kadiri zitakavyo, lakini zilikatazwa kubagua kati ya bidhaa za mataifa yaliyotia sahihi. Japani ilikuwa mojawapo. Mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianza safari za kawaida hadi Afrika Mashariki, na Desemba 1931 Japani iliacha kuifunga fedha yake na dhahabu, thamani yake ikashuka sana. Basi nguo za pamba na viatu vya turubai vyenye soli za mpira kutoka Japani vikaenea madukani kwa bei ambayo watu hawakuizoea.

Mwaka 1934 Uingereza iliweka mipaka ya kiasi cha nguo za Kijapani kilichoruhusiwa kuingia katika makoloni yake mengi. Kenya, Uganda na Tanganyika hazikuingizwa katika mpango huo, kwa sababu ya ule mkataba. Waliolalamika hasa walikuwa wenye viwanda vya Lancashire. Mwafrika wa Mombasa aliyevaa viatu kwa mara ya kwanza hakuwa na neno la kulalamika. Hapo pana fundisho ambalo halijachakaa. Kila ushuru wa kulinda kiwanda unapotakiwa, yapasa kuuliza: Ni kiwanda cha nani kinacholindwa, na ni nani atakayelipa?

Leo mikono ya Kenya haikufungwa namna ile. Shirika la Biashara Duniani lilianza tarehe 1 Januari 1995, Kenya ikiwa mwanachama tangu siku hiyo, na mapatano yake huruhusu nchi kutoza ushuru wa kuzuia umwagaji. Mkataba wa Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, uliotiwa sahihi mwaka 2004 na kuanza kutumika mwaka 2005, huruhusu vile vile. Mwaka 2017 Kenya ilipitisha sheria ya kuunda wakala maalumu wa kuchunguza malalamiko ya namna hii.

Lakini haki hiyo ina masharti. Lazima ithibitike kwamba bidhaa zimemwagwa, kwamba kiwanda cha nchi kimeumia, na kwamba kuumia huko kumetokana na umwagaji, si uvivu wala uongozi mbaya. Tofauti ya bei ikiwa chini ya 2 kwa mia, kesi hufutwa. Wanaounga mkono malalamiko lazima wawe wanatengeneza angalau 25 kwa mia ya bidhaa hiyo nchini. Uchunguzi hauruhusiwi kupita miezi 18, na ushuru hukoma baada ya miaka 5, isipokuwa uchunguzi mpya umeonyesha kwamba madhara yatarudi. Umoja wa Ulaya ulipitia njia hiyo mwaka 2013, ukatoza vyombo vya kauri vya mezani na vya jikoni kutoka China ushuru wa 13.1 hadi 36.1 kwa mia, kila kampuni kwa kadiri ya hesabu yake.

Afrika Mashariki mara nyingi imechagua njia fupi zaidi, yaani kupandisha ushuru wa kawaida. Tangu Julai 2022 kiwango cha juu cha ushuru wa pamoja ni 35 kwa mia, juu ya kile cha 25, na bidhaa za kauri na samani ni miongoni mwa zilizoingizwa humo. Njia hiyo ni nyepesi kwa forodha, bali haimtafuti mkosaji. Humpiga aliyemwaga na asiyemwaga, haina siku ya kukoma, na mama wa Chaani hulipa bila kuulizwa. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na mgeni auzaye kwa haki naye ana haki yake.

Kwa nini basi njia ndefu haipendwi? Kwa sababu yataka hesabu zilizoandikwa. Fundi afuaye sufuria kwa mabati chakavu chini ya mti hana daftari la kuonyesha aliuza ngapi mwaka jana na ngapi mwaka huu. Hasara yake ni ya kweli, lakini haionekani katika karatasi, na mchunguzi husoma karatasi. Mafundi wakijiunga katika chama na kuweka daftari moja la mauzo, wataweza kusikiwa pamoja na wenye viwanda vikubwa.

Na upo mlango mwingine ambao wengi hawaujui. Mapatano ya mwaka 1994 yanaamuru kwamba, bidhaa ikiwa ni ya kuuzwa rejareja, vyama vya wanunuzi navyo vipewe nafasi ya kutoa maelezo katika uchunguzi. Kwa hiyo mama yule na mwanawe wote wawili wana kiti katika baraza hilo. Kilichobaki ni kuwa na chama, kuwa na daftari, na kufika siku ya kuitwa. Asiyefika, wengine watamkatia bei ya sufuria yake.