Mwenzangu Hachoki

Roboti ninayofanya kazi nayo ina kimo cha sentimita 120, kama mtoto wa darasa la pili hivi, na kifuani imebeba kishikwambi. Inaitwa Pepper. Kazi yake katika wodi yetu, kaskazini mwa Ujerumani, ni kuwahesabia mazoezi watu waliopigwa na kiharusi: nyanyua mkono, shusha, nyanyua, shusha. Kazi yangu ni kuweka taulo chini ya kiwiko, kushikilia mkono usio na nguvu, kusogeza kiti. Ukituangalia kutoka mlangoni utajua mara moja nani kocha na nani msaidizi.

Nilikuja huku kama mwanagenzi wa uuguzi, baada ya kusomea Kijerumani tao hadi cheti cha B2 kikatoka. Ukiwaambia watu wa mtaa kwamba uko kituo cha urekebishaji, wanadhani umeenda kuacha pombe. Ni hospitali, bana. Watu wanalazwa wiki kadhaa ili wajifunze upya kushika kijiko.

Wengi hudhani roboti imekuja kumfukuza fizio kazi. Sivyo. Siku ya kwanza fizio mwenyewe anakaa na mgonjwa, anaupima mkono, anachagua mazoezi, anamfundisha moja baada ya jingine. Ndipo roboti inapewa orodha. Inamsalimia mgonjwa kwa jina, inaonyesha video kifuani, inahesabu, inasifu, inauliza kama apumzike. Mpango wa namna hii umejaribiwa kule Greifswald, katika mradi uitwao E-BRAiN: mtaalamu anaanzisha, Pepper inaendeleza, na pembeni yupo binadamu wa kusaidia. Kwetu, huyo wa pembeni ni mimi.

Kwa nini kuhesabu kuwe kazi ya mashine? Mwaka 2009 watafiti walichapisha walichokiona katika vikao vya tiba ya kiharusi Marekani na Canada. Pale ambapo mgonjwa alifanyishwa mazoezi ya mkono yanayofanana na kazi za kila siku, wastani ulikuwa marudio 32 kwa kikao. Wanyama wa maabara, wale waliotuonyesha kwamba ubongo ulioumia unaweza kujipanga upya, walikuwa wakirudia mamia. Si uvivu wa mafizio. Kikao kina kuvua sweta, kutuliza hofu, kujaza faili, na anayefuata ashafika mlangoni. Halafu tuseme ukweli, kuhesabu kunachosha. Mimi nikifika kumi na nne akili ishaenda kwa rent.

Lakini tusidanganyane kuhusu roboti. Uingereza walifanya utafiti mkubwa uliotoka 2019, wagonjwa 770, wakitumia mashine inayoushika mkono na kuusukuma. Kwa uwezo wa kutumia mkono, haikushinda tiba ya kawaida. Hiyo ni mashine ya aina nyingine, sawa, ila mtu akikuambia roboti itamponya mzazi wako, shikilia pochi yako. Pepper haimgusi mtu. Inasema tu. Nguvu yake, kama ipo, iko kwa maneno na kwa kutochoka.

Kuna mzee mmoja, dereva wa lori wa zamani, aliyenifundisha jambo ambalo sikulipata darasani. Fizio akiwa chumbani, mzee anafanya manane, anaanza stori za barabara ya kwenda Poland. Fizio anacheka, saa inaisha. Roboti ikiwa chumbani, anafanya arobaini kimya kimya. Nikamuuliza kwa nini. Akasema haina uso wa kumhurumia.

Nilidhani ni utani hadi nilipomwona siku moja mate yakimtoka upande wa mdomo uliolegea. Aliyafuta haraka kwa mkono mzima, akanitazama mimi. Roboti ilikuwa mbele yake kabisa, macho yake makubwa yamewaka, na wala hakuishughulikia. Katika chumba kile shahidi alikuwa mmoja.

Maja Matarić na wenzake kule California walianza mapema miaka ya 2000 kujenga roboti zisizomgusa mgonjwa, zinazohimiza tu. Waliona hata namna ya kuhimiza ina watu wake: wakimya walipenda roboti ya kubembeleza, wachangamfu wakapenda ile ya kuwasukuma. Mzee wangu hataki hata moja kati ya hizo. Anataka namba.

Hapa niseme kitu cha ngeli, kwa sababu mwalimu wangu wa Kiswahili hangenisamehe. Mwanzoni niliiweka roboti kwa I-ZI bila kufikiria: inahesabu, imezimika. Miezi ilivyoenda, nikipiga simu nyumbani, ulimi ulianza kuteleza: leo amewasumbua, leo amehesabu hadi mia. Mama akauliza huyo mwenzangu ni Mjerumani wa wapi.

Baba alipata kiharusi nikiwa mwezi wa saba huku. Upande wa kulia wote. Alilazwa siku 11, kitanda kikahitajika, akarudi Kayole. Fizio alikuwa wa mara mbili kwa wiki, halafu mara moja, halafu ikategemea pesa ya teksi, maana mtu aliyeanza umakanga kijana akaja kuendesha matatu miaka 22 sasa hawezi kupanda ngazi ya matatu. Walimpa karatasi: marudio 30, mara tatu kwa siku. Karatasi ikabandikwa ukutani kando ya kalenda.

Ndugu yangu akijaribu kumhesabia, anaachia kumi. Nikasema nitahesabu mimi, kwa video, saa zangu za mapumziko. Siku ya kwanza tulifika sita. Niliona mkono ukitetemeka, nikaona akiniona nikiuona. Akasema, “Mama, network ni mbaya,” akakata. Huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Mama halisi alinitext baadaye: network iko sawa.

Jioni moja, ili tuwe na la kuzungumza, nikamsimulia kuhusu Pepper. Akasikiliza sana.

“Yeye huchoka?”

“Hachoki, Baba.”

“Na akiona mtu ameshindwa, husema nini?”

“Huendelea tu na namba.”

Akanyamaza hadi nikadhani laini imekatika kweli. Kisha akasema, “Basi nirekodie. Usipige simu. Rekodi tu.”

Nilirekodi kwenye chumba cha kubadilishia sare, moja hadi thelathini. Akanijibu kwamba naenda mbio kama hawker aliyeona kanjo. Nikarekodi nyingine, taratibu, na katikati nikaweka “pole, Baba” na “jikaze, uko karibu.” Hiyo pia akairudisha. Hesabu tu, akasema.

Iliniuma, sitaficha. Nimevuka bahari nikasomea kuwahudumia watu, nikawashika mikono watu wa huku ambao hata jina langu huwashinda kutamka, na baba yangu mwenyewe anataka sauti isiyo na macho. Nilikaa na simu mkononi kitambo. Halafu nikaitoa pole yote. Nikahesabu nikitazama saa ya ukutani, sekunde nne kila namba, bila kupandisha sauti wala kuishusha. Nilipoisikiliza nilijua nimeisikia wapi.

Mama anasema huicheza mchana, mlango umefungwa. Yeye akiwa jikoni anasikia sauti yangu ikienda hadi thelathini, kimya kidogo, halafu inaanza tena kutoka moja. Haingii.

Wiki iliyopita Baba alituma sauti ya sekunde sita: niongeze hadi arobaini. Nikamuuliza mkono umefika wapi. Tiki mbili za bluu, hakuna jibu. Usiku huo nikarekodi arobaini.