Mwanasheria Aliyemtetea Adui

Ewe msomaji, pima hali hii. Mtu ameikimbia nchi yake kwa sababu ya dini. Nchi ya ugenini imempokea na kumpa riziki. Hata miaka minne haijatimia, balozi wa mfalme mkuu wa dini ile ile iliyomfukuza anatuhumiwa kushiriki njama ya kumpindua malkia wa wenyeji wake, na wakubwa wa baraza wanamwita mgeni wamwulize: je, tumhukumu balozi huyu? Mimi ningalikuwa mahali pake, nadhani ndiyo ingaliniponyoka kinywani kabla swali halijaisha.

Mgeni huyo aliitwa Alberico Gentili. Alizaliwa mwaka 1552 katika mji mdogo wa San Ginesio, Italia, baba yake akiwa tabibu. Alisoma sheria ya Kirumi Perugia, akahitimu mwaka 1572, akafanya kazi ya uhakimu. Mwaka 1579 yeye na baba yake, ambao nyoyo zao zilikuwa zimeelekea Uprotestanti, walitoroka mahakama ya Kanisa iliyowasaka wazushi. Wakahukumiwa nao hawapo. Mwaka 1580 waliwasili Uingereza, na haukupita muda Alberico akawa anafundisha Oxford.

Sheria aliyoifundisha haikuwa ile ya kila siku katika mahakama za Waingereza. Ilikuwa ile iliyokusanywa kwa amri ya Kaisari Justinian katika karne ya sita, ikarithiwa na vyuo vya Ulaya. Mwingereza wa kawaida hakuwa na haja nayo alipogombania shamba na jirani. Lakini falme mbili zilipogombana, sheria ya nchi moja isingeweza kuamua baina yao, ndipo wajuzi wa sheria ya Kirumi walipotafutwa.

Balozi alikuwa Bernardino de Mendoza, mjumbe wa Philip II wa Hispania. Njama ilikuwa ya Francis Throckmorton, ya kumwondoa Malkia Elizabeth ili Mary wa Scotland atawale. Gentili aliulizwa pamoja na Jean Hotman. Jibu lao lilikuwa kwamba balozi haadhibiwi na nchi aliyotumwa, ijapokuwa amekula njama, na afukuzwe. Januari 1584 Mendoza aliamriwa kuondoka. Throckmorton, ambaye hakuwa na kinga yoyote, aliuawa mwaka huo huo.

Wahenga wetu walisema mjumbe hauawi. Walakini mjumbe wa methali hubeba habari tu, na huyu alishukiwa kubeba maangamizi. Hapo ndipo ugumu wa jibu ulipo, na ndipo ninapomstahi Gentili. Mwaka 1585 alitoa vitabu vitatu juu ya ujumbe na mabalozi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, unaowalinda hata mabalozi walioko Nairobi, unafuata njia hiyo hiyo: balozi hakamatwi, bali asiyetakikana hurudishwa kwao.

Mwaka 1587 alipewa cheo cha uprofesa wa sheria ya Kirumi Oxford, na mwaka 1598 akachapisha kazi yake kubwa juu ya sheria ya vita. Humo alikana kwamba tofauti ya dini peke yake ni sababu ya haki ya kupigana, akawataka wanateolojia wanyamaze katika jambo lisilo lao. Maneno mazito kwa mtu wa zama zile! Lakini usimfanye malaika. Katika kitabu hicho hicho aliunga mkono vita vya Wahispania juu ya wenyeji wa Amerika, kwa hoja kwamba matendo yao yalikuwa kinyume cha maumbile. Kinga aliyomtandazia balozi hakuifikisha kwao.

Mwaka 1605, amani ikiwa imekwisha kufanywa baina ya Uingereza na Hispania, alikubali kuwa wakili wa Wahispania katika mahakama ya mambo ya bahari, London. Waholanzi, Waprotestanti wenzake, walikuwa wakiteka merikebu za Wahispania, naye akasimama kuwadai. Alifariki mwaka 1608, akazikwa London karibu na baba yake. Alikuwa ameagiza karatasi zake zichomwe, isipokuwa zile za kesi za Wahispania. Mdogo wake Scipione, profesa wa sheria Ujerumani, akazichapisha mwaka 1613.