Mizunguko Kumi na Tisa

Matatu ya alfajiri ilitoka Garissa, ikavuka daraja kuingia Madogo, kisha ikashika barabara ya Hola. Binti niliyefuatana naye alikuwa amepakata furushi lililofungwa kwa leso mbili. Makanga alitaka kulirusha juu ya keria. Binti akakataa, akalilipia kiti. Ndani mlikuwa na mota ya umeme, imeungua, bado inanuka vanishi iliyochomeka.

Anasomea uhandisi Nairobi, mwaka wa nne. Yeye na wenzake wameunda gari la mbio la umeme, la kiti kimoja, bodi yake ya mabati membamba na nyuzi za glasi. Kwenye jaribio la mwisho gari lilikimbia vizuri raundi sita, ya saba likaanza kutoa moshi. Mashindano yalikuwa yamebakiza siku 23. Mafundi aliowaendea mjini walimtajia bei iliyopita uwezo wa mfuko wao wa mchango. Kwao ni Nanighi, na Nanighi kuna mzee anayesuka mota.

Tuliteremka barabarani, tukachukua bodaboda mbili kupita katikati ya vichaka vya mathenge hadi mtoni. Ilikuwa Agosti, kusi linavuma na vumbi lake. Tana ilikuwa imeshuka, maji mekundu yakienda taratibu, mikoma imesimama ukingoni na chini yake vijishamba vya ndizi na mahindi. Wanawake walikuwa wakijaza mitungi na kuwapakia punda, huku jicho moja liko kwenye maji kwa sababu ya mamba. Karakana ya mzee iko chini ya mwembe, ukuta wake mmoja wa udongo una mstari wa tope juu ya kiuno changu. Mafuriko ya 2024 yalifika hapo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeniletea mgonjwa?"

Mzee huyu alijifunza kazi kwenye pampu. Jina la Nanighi, kwa wanaolijua nje ya eneo hili, limefungamana na pampu hizo: ndizo zilizovuta maji ya Tana kuyapeleka kwenye mradi wa unyunyizaji wa Bura, ambao ulipokea walowezi wake wa kwanza mwaka 1981. Pampu za dizeli ziliwekwa ziwe za muda tu, hadi utakapojengwa mfereji wa kuteremsha maji yenyewe. Muda ule ukawa miaka na miaka. Pamba ya familia zilizohamishwa kutoka pembe zote za Kenya ilitegemea injini hizo, na injini ilipokufa shamba lilikufa nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mradi ulizorota kabisa, ukaja kufufuliwa baadaye. Mzee hazungumzii siasa za mradi. Anachokumbuka ni usiku wa kufungua injini kwa mwanga wa tochi huku mkulima amesimama mlangoni, hasemi neno. Pampu ziliponyamaza alihamia kwenye mota za posho mili, jenereta na vipampu vya wenye mashamba.

Alifungua mota juu ya gunia. Kiini cha chuma kilikuwa na meno 36, kila jino limezungushiwa waya wa shaba, na karibu koili zote zilikuwa nyeusi kama masizi ya chungu. Alitafuta moja iliyosalia na rangi yake ya asali. Akaanza kuifumua polepole, kila mzunguko ukitoka anaweka kokoto moja kwenye sahani ya bati. Hakuna aliyesema. Zilipofika 14, waya ukaisha.

Aliingiza ukucha katika upenyo kati ya meno mawili. "Hapa palikuwa na waya zaidi," akasema. "Nani aliutoa?"

Binti aliinamisha kichwa, akafungua daftari lake. Mota ilipokuja ilikuwa na mizunguko 19 kwa kila jino. Wao waliisuka upya kwa 14, waya uleule, ili izunguke kwa kasi zaidi. Hesabu yao ya kasi ilikuwa sahihi. Lakini mizunguko ikipungua, mota inahitaji ampea nyingi zaidi ili kulisukuma gari kwa nguvu ileile, na ampea zikizidi ndani ya waya uleule, joto linapanda kupita kiasi. Raundi sita waliikopa ile kasi, ya saba wakailipa.

Mzee hakumkemea. Alimpa waya na kibao cha mti wa mwembe, akamwambia ahesabu kwa sauti.

Kumi na tisa mara 36 ni mizunguko 684. Nilikaa nao siku nne nikisikia hesabu hiyo. Binti akikosea, anafumua na kuanza upya, vidole vimevimba. Magari ya namna hii, yanayoundwa na wanafunzi, huandikwa magazetini siku ya kuzinduliwa. Novemba 2011, Makerere walipolijaribu Kiira EV, gari la viti viwili la wanafunzi na walimu wao, picha zilienda dunia nzima, na walistahili. Mimi nilitamani mtu angekaa nao pia juma lililotangulia, mezani, penye waya.

Mchana, kwenye joto la kutoweza kukanyaga mchanga peku, nilikaa nikautazama mto. Maji yale yalikuwa yamekwisha kupita Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, mabwawa matano yanayozalisha umeme. Garissa nako kuna mashamba ya paneli za jua ya megawati 50, yaliyozinduliwa mwishoni mwa 2019. Karakana ya mzee inaendeshwa na paneli mbili juu ya paa la mabati.

Vanishi ilianikwa juani siku mbili. Kisha wakapima kwa mega, kifaa cha kuonyesha kama umeme unavuja, sindano ikapanda vizuri. Kilichobaki ni umeme wa kuijaribia: kontrola ya gari, aliyokuja nayo kwenye begi, inataka volti 48, yaani betri nne. Mbili zilitoka kwenye sola ya mzee. Moja ya dukani. Ya nne ni ya kipaza sauti cha msikiti, iliyokabidhiwa baada ya isha kwa sharti irudi kabla ya alfajiri.

Mota ilifungwa kwenye gogo la mkoma kwa mipira ya tyubu. Binti aligeuza kitufe kidogo kidogo. Shafti ikatikisika, ikashika, ikaanza kuimba kwa sauti nyembamba iliyowaamsha mbuzi wa jirani. Mzee aliweka kiganja juu ya ganda la chuma, akakiacha hapo. Baada ya robo saa akamwambia aweke mzigo: ubao uliobanwa kwenye shafti. Akarudisha kiganja. Saa nzima ilipita hivyo, na mkono wake haukuondoka.

Saa kumi na nusu za usiku tulikuwa njiani kwenda msikitini, binti na mimi, kila mmoja ameshika upande mmoja wa betri.