Barua pepe nayo ina mihuri ya njiani

BUKAVU – Asubuhi moja msichana wa Kadutu aliingia katika nyumba ya intaneti akiwa na furaha na wasiwasi pamoja. Barua pepe ilimwambia kwamba amepata kazi katika shirika kubwa la misaada. Kilichobaki ni kutuma dola 150 za dosie kabla ya jioni. Mama yake, muuzaji wa sambaza, alikuwa amekwisha kuzikopa kwa wenzake wa likelemba.

"Yaya, nichapishie barua hii," alimwambia kijana anayelinda mashine.

Kijana akaisoma, akauliza: "Dada, umeangalia imepitia wapi?"

Msichana akaonyesha jina la shirika pale juu.

"Jina hilo ni kama lile la juu ya bahasha. Kila mtu anaandika analotaka."

Akafungua sehemu ambayo watu wengi hawaioni kamwe: mistari inayoanza na neno la Kiingereza Received, maana yake "imepokelewa". Tangu kanuni alizoandika Mmarekani Jon Postel mwaka wa 1982, kila seva inayopokea barua inaongeza mstari wake juu ya ile iliyotangulia: nani ameniletea, mimi niliyepokea ni nani, siku gani na saa ngapi. Ndiyo maana mistari hiyo inasomwa kutoka chini kwenda juu. Ni kama karatasi ya msafiri inayopigwa mhuri kwenye kila bariere kati ya Bukavu na Uvira.

Lakini kuna ujanja. Seva inayoleta barua inajitaja yenyewe, na inaweza kudanganya. Kwa hiyo seva inayopokea huandika pia, kando ya jina hilo, namba ya mashine iliyoipigia kweli. Mwongo anaweza hata kubandika mistari ya uongo chini kabla ya kutuma. Asichoweza ni kufuta mihuri inayopigwa baada ya barua kutoka mikononi mwake. Mstari wa kuaminiwa zaidi ni ule wa seva inayotunza sanduku lako mwenyewe.

Katika mstari huo, aliyeleta barua alikuwa amejitaja kwa jina la shirika. Kijana alipoitafuta namba ya kando, akakuta ni ya kampuni ya Ulaya inayokodisha mashine kwa yeyote anayelipa.

"Hii peke yake haitoshi kumhukumu mtu," akasema. "Hata mashirika ya kweli hukodisha. Lakini wana ofisi hapa mjini. Panda moto, ukaulize kwanza."

Msichana akaenda. Mlangoni pa ofisi wakamwambia kwamba hakuna kazi kama hiyo, na kwamba wao hawaombi pesa kwa mtu anayetafuta kazi.

Jioni, dola zote 150 zilirudi kwa akina mama wa likelemba. Mama yake alizihesabu mara mbili bila kusema neno. Kesho yake msichana alirudi kwa kijana, si kuchapisha kitu, bali kujifunza kufungua mistari ile mwenyewe. Ana wadogo wawili nyumbani, nao pia wanatafuta kazi.