Shangazi aliacha sukari, akabaki na asali

Sokoni Kariakoo kuna kijana anauza zile ndizi fupi zenye ganda jembamba. Ananadi kwa sauti ya kupasua paa: "Kisukari! Kisukari hapa, jero!" Wiki iliyopita mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alimjibu bila hata kusimama, "Baki nacho mwanangu, mimi ninacho tangu mwaka juzi." Watu wakaangua kicheko. Kijana naye akacheka, ingawa sidhani kama alielewa.

Ndiyo lugha yetu hiyo, wapenzi wasomaji. Ndizi tamu ni kisukari, na maradhi yanayokula miguu ya watu nayo ni kisukari. Ukisema "yule binti ana sukari", kijana wa mjini atauliza anakaa wapi, nesi atauliza anatumia dawa gani. Zuchu alipotoa wimbo wake wa "Sukari" mwaka 2021, hakuna aliyedhani anatangaza kliniki.

Maneno haya yamenishughulisha kwa sababu ya shangazi yangu wa Tanga. Alipopimwa na kukutwa na sukari nyingi kwenye damu, aliambiwa maneno matatu tu: acha vitu vitamu. Akarudi nyumbani amenuna. Na mimi simlaumu. Kwa Mswahili utamu haukai kwenye bakuli la sukari peke yake. Mchuzi wa samaki usio na chembe ya sukari ni mtamu. Maji ya kisima yasiyo na chumvi ni maji matamu. Usingizi mtamu, hadithi tamu, mpira wa Simba na Yanga mtamu, na umbeya, jamani, ndio usiseme. Sasa ukimwambia mtu mzima wa miaka sitini na kitu aache vitamu, unamwambia aache nini hasa?

Shangazi akaamua mwenyewe maana yake. Alichukua kopo la sukari, akalipeleka kwa jirani, akatangaza nyumba nzima kwamba yeye na sukari basi. Tukampongeza. Lakini kila akienda kliniki, kipimo kiko juu. Nesi anamuuliza, "Mama, unakula sukari?" Anajibu, "Wallahi sijaigusa." Na alikuwa anasema kweli tupu.

Siku nilipokwenda kumtembelea ndipo nikaona mambo. Kwenye chai yake ya rangi anatia asali, vijiko vitatu, ile ya nyuki wadogo ambayo aliyemuuzia alimwapia kwamba ni dawa ya kila kitu. Kwenye uji anavunjia sukari guru. Saa kumi anachukua tende zake saba. Jioni anamtuma mtoto akamletee juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi. Nikamwambia, "Shangazi, si umekatazwa?" Akanitazama kama mtu asiyejua kusoma. "Nimekatazwa sukari, mwanangu. Hii asali. Ile guru. Mua wenyewe ni jani tu, ng'ombe wanakula."

Msimcheke. Elimu hiyo hakuitoa hewani, aliipata kwenye foleni. Kizazi chake kinakumbuka miaka ya mwanzo ya themanini, sukari ilipokuwa ya kupangia mstari na kugawiwa kwa vipimo. Kiwanda cha Kagera kilikuwa kimeharibiwa katika vita vya Idi Amin, vilivyoanza mwaka 1978, fedha za kigeni hakuna, na mwaka 1983 serikali ilipowasaka wahujumu uchumi, sukari ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizofichuliwa majumbani mwa watu. Wakati huo ukitaka chai, unatia guru kama ipo, au asali, au unakunywa huku unatafuna tende. Kwa hiyo kichwani mwake hivi ni vitu vya kutumia *sukari ikikosekana*. Mapema mwaka 2024, mvua za El Niño zilipozuia miwa kuvunwa na kilo ikapita shilingi 4,000, serikali ikatangaza bei elekezi. Shangazi hata hakushtuka. Alisema yeye ana asali yake.

Na sukari kwake ni adabu pia. Ukienda kumwona mgonjwa au mkwe, unakwenda na kilo mkononi. Mgeni ukimpa chai isiyokolea, atakwenda kusema. Mtu anayekataa sukari kwa watu anaonekana anaringa.

Sasa ukweli wa mambo. Sukari guru ni maji ya miwa yaliyochemshwa hadi yakawa mazito, yakamiminwa kwenye vyombo yakaganda, bila kutenganishwa na ule uji mweusi wake. Jina limetoka kwa Wahindi, wanaoiita *gur*. Wengine wanaitia kwenye uji, wengine, tusidanganyane, kwenye mapipa ya gongo. Ndani yake sehemu kubwa ni sukari ileile ya dukani. Asali nayo, katika kila gramu 100, karibu 80 ni sukari, na nyingi ya iliyobaki ni maji. Hata Shirika la Afya Duniani, lilipotoa mwongozo wake mwaka 2015, liliweka asali na juisi ya matunda kwenye fungu moja na sukari ya kuongeza. Likashauri fungu hilo lisizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana lishuke chini ya asilimia 5, yaani kama vijiko sita vya chai kwa mtu mzima. Soda moja ya mililita 350 ina vijiko kama tisa.

Nilimweleza yote hayo, akaniitikia "naam, naam" na kuendelea na yake. Kisha ikaja kandambili. Ule ukanda wa katikati ulimchubua kando ya kidole gumba, yeye hakuhisi, maana maradhi haya yakikaa sana yanaua hisia za miguu. Alikuja kugundua kwa harufu. Wiki tatu hospitali, na kidole kilibaki hukohuko.

Kilichokuja kumbadilisha si takwimu zangu bali jina. Nilikuwa nimekaa kitandani kwake namsimulia kwamba neno sukari limetoka Sanskriti, huko lilikuwa na maana ya changarawe, likapita kwa Waajemi na Waarabu hadi kwetu. Nikaongeza kwamba waganga wa kale wa India ugonjwa wake hawakuuita wa sukari. Waliuita *madhumeha*, mkojo wa asali. Wazungu nao kwenye jina lao la kitabibu waliongeza *mellitus*, Kilatini, maana yake penye utamu wa asali.

Akanyamaza. Kisha akauliza, "Hao Wahindi walijuaje?"

"Waliona sisimizi wanakusanyika pale mgonjwa alipokojoa."

"Toba!" Akajifunika uso na kanga. "Kumbe asali ndiyo mwenye nyumba."

Tangu siku hiyo chupa ya asali iko kwa jirani, pamoja na lile kopo. Sikukuu ya Idd alipika kaimati za wageni, shira akaiweka kwenye bakuli la pembeni, kila mtu ajimiminie. Yeye alikula mbili kavu, akasema haya sasa ni maandazi, wasimdanganye.

Lakini sukari haikumalizana naye. Siku hizi anachoma insulini, na mwezi uliopita alichoma asubuhi, akashughulika na ufuaji, akasahau kula. Jirani alimkuta amekaa kwenye ndoo, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, anaongea maneno yasiyofungamana. Bahati nzuri jirani ana mume mwenye maradhi hayohayo, akajua kwamba sukari imeshuka. Akakoroga vijiko vinne vya sukari kwenye maji, akamnywesha taratibu. Hicho ndicho wanachoshauri madaktari, gramu kama 15 za sukari ya haraka, kisha kupima tena baada ya dakika 15. Mgonjwa akishapoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Kwa hiyo sasa, kwenye pindo la kanga alikozoea kufunga pesa, shangazi anafunga kijikaratasi cha sukari. Anakwenda nacho msikitini, harusini, hata kliniki. Mwenye duka la mtaani, ambaye habari za kidole anazijua kama watu wote, alipomwona anaomba robo kilo alikataa kupima.

"Bi mkubwa, wewe si umekatazwa hii?"

"Nimekatazwa kuila," akamwambia. "Sikukatazwa kuibeba. Pima."