Msaidizi wa Nani?

Maradhi hayajui daraja za elimu. Humpata mtu pale alipo na saa yoyote yapendayo, wala hayamngoji mwenye shahada afike. Kwa sababu hii kila nchi iliyopata kuwa na wagonjwa wengi na madaktari wachache imelazimika kumtafuta mtu wa katikati, asiye daktari kwa cheti, lakini ambaye mkono wake hufanya sehemu kubwa ya kazi ya daktari. Katika Tanzania mtu huyo amebadilishiwa majina mara nyingi. Katika miaka ya 1920 aliitwa dresa, akaajiriwa na serikali za wenyeji aoshe vidonda na kugawa dawa chache alizoaminiwa. Baadaye alikuja mganga msaidizi vijijini, na mganga msaidizi. Kisha tabibu msaidizi na tabibu. Na juu yao wote daktari msaidizi. Wanakijiji hawakujisumbua na mabadiliko hayo. Kwao mtu aliyevaa koti jeupe na kuning'iniza shingoni kipimo cha kusikilizia kifua ni daktari, basi.

Lakini neno msaidizi lina jambo ndani yake. Msaidizi hana budi kuwa msaidizi wa mtu. Wa seremala husimama karibu na seremala, akampa randa na kushika ncha ya pili ya ubao. Wa nahodha hupokea amri za nahodha. Katika zahanati ya kijiji, ambako vijana wengi waliofuzu utabibu hupelekwa, daktari hayupo. Pengine yuko mwendo wa saa nyingi, ng'ambo ya mto na tope. Basi msaidizi huyu ni msaidizi wa nani? Swali hili laonekana kama mchezo wa maneno, lakini elimu nzima ya tabibu imejengwa juu ya jibu lake, na maisha ya watu yananing'inia hapo.

Mnero ni mahali panapofaa kulichunguza. Kijiji hiki kimo katika wilaya ya Nachingwea, mkoa wa Lindi, katika nchi ya Wamwera inayoendelea mpaka Ruangwa. Ni nchi ya mikorosho, ufuta, mbaazi na mihogo, na njia zake za udongo hulegea mvua zinaposhika. Hospitali ya misheni ya Mnero ina historia ndefu. Mwaka 1949 alihamia hapo daktari mpasuaji wa Kiingereza, Leader Stirling. Hakuwa mgeni wa kusini: alifika Tanganyika mwaka 1935, akafanya kazi Lulindi, upande wa Masasi, chini ya misheni ya Kianglikana, katika hospitali ya miti, udongo na nyasi. Alipoingia katika Kanisa Katoliki alikwenda kwa Wabenedikto, akakaa Mnero miaka 15.

Daktari mmoja, hata awe hodari wa namna gani, hapasui peke yake. Lazima awepo wa kumlaza mgonjwa usingizi, wa kuchemsha vyombo, wa kushika taa, na wa kukesha kitandani usiku ule wa kwanza ambao ndio wa hatari. Katika hospitali kama hizo mikono hiyo ilikuwa ya vijana wa nchi ile ile, waliojifunza kwa kutenda. Hao walikuwa wasaidizi kwa maana halisi ya neno. Mwalimu alisimama upande wa pili wa meza, na kosa la mkono mmoja lilisahihishwa na mkono mwingine kabla halijawa msiba.

Lakini lililowezekana katika meza moja halikuwezekana katika nchi nzima. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu, hesabu ambayo Julius Nyerere alipenda kuikumbusha. Shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, lakini daktari haoti kama uyoga. Humchukua mtu miaka mingi kukomaa. Katika miaka ya 1970 serikali iliazimu kupeleka tiba vijijini, na Stirling mwenyewe, aliyekuwa bungeni tangu 1958, alishika Wizara ya Afya toka 1975 hata 1980. Zahanati ziliongezeka kuliko madaktari. Mtu wa kuzisimamia alipatikana kwa njia fupi: mganga msaidizi vijijini alichukuliwa kutoka shule ya msingi akafundishwa miaka mitatu, na mganga msaidizi alichukuliwa kutoka kidato cha nne akafundishwa miaka mitatu vilevile. Kisha walipelekwa pasipokuwa na daktari. Hapo ndipo neno msaidizi lilipompoteza mwenyewe.

Nchi nyingine ililianza jambo hili kwa namna tofauti. Mwaka 1965 Eugene Stead, wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, aliwachukua watu wanne waliopata kuwatibu mabaharia katika jeshi la majini, akaanza kuwafundisha kazi ya msaidizi wa daktari. Watatu walifuzu mwaka 1967. Marekani ililiita jambo hili jipya, ingawa dresa wa Tanganyika alikuwa amekwisha kuzeeka. Lakini tofauti moja ni kubwa. Msaidizi wa Duke alifundishwa ili afanye kazi chini ya daktari anayejulikana kwa jina, ambaye sheria ilimtaka amsimamie. Msaidizi wa kusini mwa Tanzania alipewa kazi ile ile, ila daktari wake alikuwa ni karatasi ya mwongozo iliyobandikwa ukutani.

Siku hizi anayetaka kuwa tabibu humaliza kidato cha nne akiwa amefaulu baiolojia, kemia na fizikia, kisha husoma miaka mitatu apate stashahada. Vyuo vya matabibu vya Masasi na Lindi haviko mbali sana na Mnero, na Mnero yenyewe ina chuo cha uuguzi. Mwanafunzi huanza na umbile la mwili na kazi za viungo vyake, vijidudu na vimelea, na nguvu na sumu za dawa. Huendelea na magonjwa ya watu wazima na ya watoto, upasuaji, uzazi, magonjwa ya akili, na hata uendeshaji wa zahanati, kwa kuwa atakayetibu ndiye atakayehesabu vidonge ghalani na kuandika taarifa ya mwezi. Kisha hupelekwa wodini, na huko ndiko masomo yanakomgeuka. Alidhani atafundishwa majibu. Hukuta kwamba anafundishwa kuuliza.

Utaratibu wake ni wa kale na hauna mkato. Kwanza kuuliza, halafu kutazama, kupapasa, kugongagonga, na kusikiliza. Vipimo vya damu na picha hufuata nyuma, kama vipo. Mwanafunzi mwenye haraka hutaka kuanza na kipimo, naye mwalimu mwema humrudisha kwenye kiti. Maana siku atakapokuwa peke yake kipimo chaweza kuwa kimekwisha, umeme umezimika, lakini macho, vidole na masikio yatakuwa pamoja naye. Katika kazi hii aliye mbali na mashine ndiye anayetakiwa kuwa na elimu kubwa ya mikono, wala si aliye karibu nazo.

Liko somo jingine lisiloandikwa katika ratiba, nalo ni la lugha. Vitabu na mitihani ya mwanafunzi ni vya Kiingereza. Mgonjwa wake husema Kiswahili, na wazee wengine wa upande huu husema Kimwera kwa wepesi zaidi. Bibi mmoja huingia na mtoto mgongoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mtoto huyu kapatwa na degedege tangu alfajiri."

Neno degedege halimo katika kitabu cha Kiingereza, lakini limejaa maana. Bibi anasema kwamba mtoto amekakamaa na kutetemeka, macho yamegeuka juu. Pengine anasema zaidi ya hayo, kwa kuwa katika sehemu nyingi za pwani na bara yake degedege limehesabiwa kuwa kazi ya pepo ajaye kwa umbo la ndege. Na wako waaminio kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano hufa. Tabibu lazima alivushe neno hilo mara mbili. Kwanza alipeleke katika elimu yake: malaria kali, homa ya uti wa mgongo, upungufu wa sukari katika damu, au kifafa. Amlaze mtoto ubavu, alinde njia ya hewa, apime sukari na malaria. Kisha alirudishe kwa bibi katika Kiswahili kisichomdharau, ili akubali sindano ya artesuneti, ambayo ndiyo dawa ya malaria kali na ndiyo sindano aliyoonywa kuiogopa. Tabibu akicheka imani ya bibi amempoteza bibi na mtoto pamoja. Chuo kinachomfundisha kijana maneno ya kitabu bila maneno ya mgonjwa kimemfundisha nusu ya kazi.

Baada ya sindano ya kwanza yaja hukumu iliyo ngumu kuliko zote: mtoto abaki au aende? Hospitali na mahakama hutumia neno moja, rufaa. Asiyeridhika na hukumu ya mahakama ya chini hukata rufaa katika mahakama ya juu. Mgonjwa aliyezidi uwezo wa zahanati hupewa rufaa kwenda kituo cha afya, hospitali ya wilaya au ya mkoa. Lakini rufaa ya mahakama yaweza kungoja miezi na mshtaki akawa angali hai. Ya mtoto huyu haingoji magharibi. Kwa hiyo mpaka wa elimu ndio sehemu kuu ya elimu ya tabibu. Daktari bingwa akifika mwisho wa ujuzi wake humwita mwenzake wa chumba cha pili. Tabibu akifika mwisho wa wake hana budi kuwa ameuona mwisho huo tangu mbali, saa nyingi kabla ya kuufikia, kwa kuwa saa hizo ndizo zitakazoliwa na barabara.

Makosa mawili yanamvizia. La kwanza ni kiburi, ambacho humfanya amshike mgonjwa mpaka jua lichwe. La pili ni hofu, ambayo humfanya amtume kila mtu, apate kulala usingizi. Hofu yaonekana kama busara, lakini nayo ina bei. Jamaa hukodi pikipiki, huuza kuku, hukopa. Fedha za korosho hupatikana mwishoni mwa mwaka. Malaria hushamiri na mvua, wakati fedha hizo zimekwisha kuliwa na ada na deni. Aliyetumwa bure mara moja aweza kukataa kwenda mara ya pili, nayo ndiyo mara aliyopaswa kwenda.

Hapo lawama huhama kutoka kwa tabibu ikaenda kwa nchi. Elimu ya mpaka haina maana ikiwa ng'ambo ya mpaka hakuna njia. Nachingwea iliwahi kujengewa reli kutoka bandari ya Mtwara kwa ajili ya mradi wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951. Reli nayo iliondolewa katika miaka ya 1960. Karanga zilipata njia ya chuma, na zilipokosekana njia ikang'olewa. Wagonjwa hawakuanza mwaka 1947 wala hawakwisha mwaka 1951.

Kama njia inavyotakiwa kwa mgonjwa, ngazi inatakiwa kwa tabibu. Kwa miaka mingi tabibu aliyefanya kazi vizuri aliweza kurudi chuoni miaka miwili akawa daktari msaidizi, akaruhusiwa kupasua, hata kumtoa mtoto tumboni kwa mama aliyeshindwa kujifungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu mikoa ya Mwanza na Kigoma haukuona tofauti kubwa kati ya matokeo ya wapasuaji hao na ya madaktari wenye shahada. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 2010 mafunzo hayo yalisimamishwa. Hoja ya waliosimamisha si dhaifu: vyuo vikuu vimekuwa vingi, na mama wa kijijini anastahili daktari kamili kama mama wa mjini. Lakini tabibu wa miaka 35, mwenye watoto na uzoefu, huambiwa sasa kwamba njia ya kupanda ni miaka mitano ya chuo kikuu na mmoja wa mazoezi. Wachache wataweza. Na daktari kamili aliyeahidiwa zahanati bado hajawasili katika zahanati nyingi.

Basi msaidizi ni wa nani? Si wa daktari asiyemwona, wala hafai kuachwa awe wa nafsi yake tu. Kinachostahili ni kumrudishia ile meza ya zamani, yenye mtu wa upande wa pili: daktari wa wilaya anayezuru zahanati kufundisha wala si kukagua daftari tu, simu inayopokelewa usiku, gari la wagonjwa lenye mafuta, na nafasi ya kusoma tena kila baada ya miaka michache. Hayo si zawadi kwa tabibu. Ni masharti ya kazi aliyopewa. Kijana aliyefundishwa kujua mwisho wa uwezo wake ametimiza sehemu yake ya mapatano siku anapoandika rufaa kwa mkono usiotetemeka. Sehemu iliyosalia ni ya waliomtuma.