Nani Amemsahihisha Babu?

Katika miaka 33 ya kufundisha Kiswahili katika shule za sekondari, nimetunga mitihani mingi kuliko mashairi. Sikudhani kwamba baada ya kustaafu ningetunga mmoja zaidi, tena wa kuwatahini watu ambao kazi yao siijui: makampuni yanayojitangaza kuwa yanaweza kuipandisha tovuti juu katika majibu ya Google.

Kisa chenyewe ni hiki. Chama chetu kidogo cha washairi kina tovuti yenye tungo za wanachama, walio hai na waliotangulia mbele ya haki. Mwaka juzi tuliilipa kampuni moja iliyotuahidi nafasi ya kwanza ndani ya mwezi mmoja. Hatukuandikiana lolote ila stakabadhi. Mwezi ulipokwisha, mjukuu wa marehemu rafiki yangu alinipigia simu. Alikuwa amefungua shairi la babu yake ili alisome katika hitima. Mshororo wa kwanza, alioukariri tangu utotoni, ulikuwa huu:

Bahari haina wimbi, lililokosa pwaniye

Sasa ulisomeka hivi:

Bahari haina wimbi, mashairi ya bahari, lililokosa pwaniye

“Babu,” akaniuliza, “nani amemsahihisha babu yangu?”

Sikuwa na jibu. Mizani 16 zimekuwa 24, na katikati kimekaa kipande kisicho na mwenyewe. Baadaye nilifahamu kwamba kampuni ile ilikuwa imepachika maneno ya kutafutiwa ndani ya kila shairi. Hiyo ni hila kongwe, ambayo Google wenyewe wanaihesabu kuwa udanganyifu na wanaweza kuishusha tovuti kwa sababu yake. Tulipotaka kuyaondoa, nywila zote zilikuwa mikononi mwa kampuni. Hitima ilisomwa, shairi halikusomwa.

Wapo waliosema tusirudie tena jambo hili. Lakini shairi lisiloweza kupatikana ni sawa na lililofungiwa sandukuni. Tukakubaliana kutafuta wataalamu wengine, safari hii kwa wito wa mapendekezo ulioandikwa. Kalamu nikapewa mimi.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa 6. Nilianza kwa kuisifu lugha, nikaeleza historia ya chama, kisha nikataka tovuti “ivume”, “ing’are” na “ijulikane kote”. Mhazini wetu, aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu, aliirudisha kwa adabu. “Shikamoo, Mwalimu. Nimeisoma mara mbili, sijaona tunachotaka.”

Nilinyamaza, nikamkumbuka mkufunzi wangu wa chuo cha ualimu. Kila tulipoandika katika andalio la somo kwamba mwanafunzi “ataelewa”, alilikata neno hilo kwa wino mwekundu na kuuliza: utampimaje? Andika ataje, abainishe, alinganishe. Maneno yangu yote matatu yalistahili wino ule.

Rasimu ya pili ilikuwa na kurasa 2. Nilieleza sisi ni nani, tovuti ina kurasa ngapi, na hali yake ilivyo leo. Lengo nikaliandika kama la somo: ifikapo mwisho wa miezi 6, mtu akiandika jina la mshairi wetu, anwani ya shairi au mshororo wake wa kwanza, alifikie shairi hilo. Nikataka taarifa ya kila mwezi kwa Kiswahili, nywila zote ziwe mali ya chama, na majina ya wateja wa zamani tunaoweza kuwapigia simu. Nikakataza kununua viungo na kuficha maandishi. Juu ya yote, asiguse hata mkato ndani ya ubeti.

Palizuka ubishi kuhusu fedha. Baadhi ya wenzangu walitaka kiasi tulichonacho kifichwe. Niliwaambia kwamba mtihani usioonyesha alama za kila swali humfanya mtahiniwa aandike kurasa tatu mahali pa sentensi moja. Kiasi kikaandikwa, pamoja na alama tutakazotoa kwa kila kipengele.

Mwisho niliweka swali moja la lugha. Kiswahili hubadilisha maneno kuanzia kichwani: huyu atatafuta “shairi”, yule “mashairi”. Wa Lamu ataandika “utendi”, wa Unguja “utenzi”. Utenzi wa Tambuka una jina jingine pia, Chuo cha Herekali. Je, mtawafikishaje wote hawa kwenye utungo uleule bila kuugusa?

Yalikuja mapendekezo 7. Matatu yaliahidi nafasi ya kwanza, ilhali Google wenyewe wanaonya kwamba hakuna awezaye kuidhamini nafasi hiyo. Hayo tukayaweka kando. Mengine matatu yaliliruka swali la lugha. Moja tu, la vijana wawili, lilijibu: kila utungo uwekewe utangulizi mfupi nje ya beti, wenye jina la mtunzi, bahari ya shairi na tahajia zote ambazo watu huzitumia. Wakaongeza kwamba tangulizi hizo tuziandike sisi, kwa kuwa wao hawamjui mtunzi kama tunavyomjua.

Tumewapa kazi, na huu ni mwezi wa pili. Matokeo bado tunayasubiri. Mimi nimekwisha kuandika tangulizi 14, na nimegundua kwamba baadhi ya marafiki niliotunga nao kwa miaka mingi sikuwahi kuwauliza walizaliwa wapi. Wengine siwezi tena kuwauliza.

Shairi la rafiki yangu limerudi katika mizani zake. Nilimpigia mjukuu wake simu, akalisoma lote, taratibu, mimi nikihesabu kwa vidole.